USINIUZIE SAMAKI ASIYE NA JINA!

Haya wadau, leo nina hasira, na hasira zenyewe ni za samaki. Wale mnaokuja hapa kutafuta siasa pumzikeni kidogo, ingawa mkivumilia mtaona na siasa imo humo humo.

Miezi kadhaa iliyopita nilisimama mbele ya duka moja hapa Dar linalouza samaki wa kufuga kwenye vioo. Jina la duka silitaji, mwenyewe anajijua. Kwenye tangi la kona nikaona samaki wadogo weusi tii, wenye vidoti vyeupe vilivyojipanga mwili mzima kama manyoya ya kanga. Nikauliza:

"Kaka, hawa wanaitwaje?"

"Hao? Samaki wa mapambo hao, bosi."

"Najua ni wa mapambo. Jina lao?"

Akafikiri kidogo. "Sisi tunawaita kanga."

"Wanakula nini?"

"Chochote. Samaki ni samaki tu, bosi wangu."

Nikanunua watatu. Ndiyo, mimi mwandishi wa habari, ninayelipwa kuuliza maswali, nilitoa pesa mfukoni kwa viumbe hai watatu baada ya kupewa majibu ambayo mhariri wangu angenirushia usoni. Kwa hiyo kabla sijaanza kuwasema wengine, nijiseme mwenyewe kwanza.

Nyumbani nilikuwa na tangi la lita 60, pampu ya hewa, changarawe za bluu (msicheke) na kijumba cha plastiki. Niliwalisha nilichokuwa nacho: dagaa wa kusaga, nyama ya kusaga kidogo siku nikipika, na mkate Jumapili. Kila Jumamosi namwaga maji YOTE, nasugua tangi mpaka linang'aa, najaza maji mapya ya bomba. Nilijiona mfugaji safi kweli kweli.

Wiki ya tatu mmoja akaanza kujibanza juu kabisa kwenye kona, mkia umechanika. Siku mbili akafa. Nikasema labda alikuwa mzee. Mwezi wa pili mwingine akagoma kula, akavimba tumbo kama puto, akatoa kinyesi cheupe kirefu kama uzi, akafa naye. Akabaki mmoja.

Nikapiga picha, nikaenda duka la pili. Jamaa akaitazama picha kwa sekunde tatu hivi. "Huyu ana ugonjwa wa madoa meupe. Unaviona vidoti hivi? Hawezi kupona bila dawa." Nikanunua dawa. Maji yakawa ya bluu, changarawe za bluu, na mimi mwenyewe vidole vya bluu. Nikatibu. Na jamani, vidoti vikaanza kupotea! Niliwatangazia watu kazini kwamba nimemponya samaki. Kumbe furaha ya bure. Vidoti vilipofifia, kichwa kikaanza kugeuka rangi ya bluu ya kijivujivu, na nyuma kidogo ya mashavu ukatokea mkanda mpana wenye rangi hafifu, unazunguka mwili kama mshipi. Nikajua sasa anakufa huyu.

Hakuwa anakufa. Alikuwa anakua.

Hapo ndipo nilipoamua kufanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza: kumtambua. Na nataka niwaambie nilivyofanya, kwa sababu wenzangu wengi wana samaki sebuleni wasiyemjua, na watu hudhani kumtambua samaki ni kazi ya profesa tu. Si kweli. Anza na kuacha kutazama rangi. Rangi ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Dume na jike wa aina moja wanaweza kutofautiana rangi kama mbingu na ardhi, mtoto na mkubwa vilevile, na samaki mwenye hofu hubadilika rangi ndani ya dakika chache. Tazama umbo.

Tazama mdomo. Ukielekea juu, samaki huyo hula juu ya maji. Ukielekea chini, anakula chini au anakwangua mawe. Wangu mdomo wake ulikuwa chini, mpana, umekatwa moja kwa moja kama makali ya panga. Tazama kama ana sharubu. Tazama kama kati ya pezi la mgongo na mkia kuna kile kipezi kidogo laini cha mafuta, maana kambare wengi na wale samaki wadogo wang'avu wa Amazon wanacho. Wangu hakuwa na sharubu wala kipezi hicho. Kisha tundu za pua. Samaki wengi wana tundu mbili kila upande. Wangu alikuwa na moja moja. Ule mstari wa ubavuni ambao samaki huhisia mtikisiko wa maji, kwake ulikuwa umekatika vipande viwili, kimoja juu mbele, kingine chini nyuma. Pezi la mgongo refu, lenye miiba mingi mbele na sehemu laini nyuma.

Tundu moja, mstari uliokatika, pezi refu lenye miiba. Hiyo ni familia ya sikilidi. Kama neno hilo ni geni kwako, basi ni familia ya perege na sato. Nilikuwa nafuga ndugu yake sato, ninayemla na ugali kila wiki, nikidhani nimeletewa kitu kutoka Singapuri!

Kutoka hapo kazi ikawa rahisi. Nikahesabu miiba ya pezi la chini, lile la nyuma ya haja. Furu wa Ziwa Victoria na mbuna wa Ziwa Nyasa kwa kawaida wana mitatu. Wangu alikuwa na zaidi ya mitatu. Mdomo wa panga, miiba mingi, mtoto mweusi mwenye vidoti vyeupe, mkubwa mwenye kichwa cha bluu na mkanda. Samaki wa namna hiyo duniani ni mmoja: Tropheus duboisi, aliyepewa jina hilo na Marlier mwaka 1959. Na anapatikana ziwa moja tu duniani.

Tanganyika.

Ndiyo, la kwetu. Tunagawana na Kongo, Burundi na Zambia, lakini sehemu kubwa ya pwani ya mashariki ni yetu. Na kuna aina yake yenye mkanda mpana wa manjano ambayo wafugaji wa Ujerumani na Marekani wanaiita "Maswa". Nilidhani wamekosea ramani, kumbe si Maswa ya Usukumani. Ni sehemu ya mwambao wa ziwa, kusini ya Kigoma. Wale watu hawakununui Tropheus bila kukuuliza wa wapi. Wa Ikola? Wa Kipili? Wa Kasanga? Wa Bulu Point? Kuna kijana Ujerumani hajawahi kukanyaga Afrika lakini anatamka Ikola vizuri tu, na anajua kwamba samaki wa Ikola na wa Kasanga hawachanganywi tangi moja, kwa sababu watazaana na kizazi kitakachotoka kitakuwa hakijulikani ni cha wapi. Mimi nimesoma jiografia ya nchi hii mpaka kidato cha sita na Ikola niliijulia kwenye orodha ya bei ya duka la samaki la Ulaya.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Jina lilinipa nini?

Lilinipa sababu ya vifo viwili. Tropheus anaishi kwenye mawe ya ufukweni akikwangua ule ukoga wa kijani unaoota juu ya miamba. Utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili, kama wa wala majani wote. Mimi nikampa nyama ya kusaga na dagaa! Uvimbe wa tumbo ndio ugonjwa unaoogopwa kuliko yote na wafuga Tropheus, na wenye uzoefu wanakuonya mambo mawili kabla hujauliza: chakula chenye nyama nyingi, na msongo. Huyu wa pili nilimuua kwa sahani.

Wa kwanza nilimuua kwa hesabu. Tropheus ni mgomvi. Wakiwa watatu kwenye tangi dogo, mbabe anamfuata dhaifu usiku na mchana mpaka anamaliza. Dawa yake inachekesha: unaongeza idadi. Wakiwa kumi na mbili, kumi na tano, kwenye tangi kubwa lenye mawe mengi ya kujificha, hasira ya mbabe inagawanyika, hakuna mmoja anayebeba kipigo chote. Lita 60 zangu zilikuwa ulingo wa ndondi usio na kamba.

Na usafi wangu wa Jumamosi? Aibu tupu. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia zaidi. Bakteria hao wanaishi kwenye changarawe, kwenye mawe na zaidi kwenye kichujio, na huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga. Mimi sikuwa hata na kichujio, na wale wachache waliojishikiza kwenye changarawe nilikuwa nawasugua kila Jumamosi, halafu nawamalizia na klorini ya bomba. Kinachotakiwa ni kubadilisha sehemu tu ya maji, robo hivi kwa wiki, kwa maji yaliyoondolewa klorini. Zaidi ya hapo, maji ya Ziwa Tanganyika yana pH ya karibu 9, na maji yakiwa na pH kubwa, amonia huwa kali zaidi. Kwa hiyo samaki wa ziwa hili anahitaji tangi lililokomaa kuliko samaki wa Amazon. Ukijua jina, yote haya unayapata jioni moja. Usipolijua, hujui hata uulize nini.

Na vile vidoti. Ugonjwa wa madoa meupe upo, husababishwa na kimelea, na unaua. Lakini doa lake limetuna kama punje ya chumvi, limetawanyika ovyo hadi kwenye mapezi, na samaki anajikuna kwenye mawe. Vidoti vya mtoto wa Tropheus viko bapa, vimejipanga kwa mistari. Yule jamaa wa duka la pili aliniuzia dawa ya kutibu NGOZI ya samaki. Ni sawa na kumpeleka chui hospitali.

Nilirudi duka la kwanza. Sikwenda kugombana, nilikwenda kueleza. Mwenye duka akanisikiliza kwa upole, tena akanipa soda. Halafu akaniambia maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike leo: "Bosi, wateja hawaulizi jina. Wanauliza bei."

Nakubali kwamba ni kweli. Lakini haimwondolei deni. Tena nashangaa, maana Watanzania kwa kuuliza jina la kitu hatujambo. Ingia sokoni useme "nipe embe" uone. Utaulizwa dodo, bolibo au sindano. Mchele tunataka kujua kama ni wa Kyela au wa Shinyanga, na muuzaji akichanganya tunamshika kwa harufu. Kuku tunatofautisha wa kienyeji, wa nyama na wa mayai, na mtu akikuuzia wa nyama kwa jina la wa mayai mnafikishana kwa mjumbe. Vitu vyote hivyo tunavila. Inaonekana kiumbe tusichokula hakistahili jina. Akiwa wa kutazamwa tu, anaitwa "pambo", anawekwa kundi moja na maua ya plastiki, na akifa tunavuta maji ya choo tunakwenda kununua mwingine. Na biashara inatembea vizuri kabisa kwa njia hiyo, naomba mlione hilo! Samaki anayekufa kila mwezi ni mteja anayerudi kila mwezi. Sisemi wauzaji wanapanga hivyo. Nasema hakuna anayeumia mfukoni isipokuwa mimi na wewe, na hakuna anayeumia mwilini isipokuwa samaki.

Tena kuna jingine linalonikera zaidi. Katika Ziwa Victoria, Ghuba ya Mwanza, yupo furu mdogo, dume lake jekundu mgongoni na la manjano ubavuni, lina milia myeusi. Jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei. Soma tena. Pundamilia ni Kiswahili chetu, na nyererei ni Mwalimu. Walioandika jina la Mwalimu kwenye samaki huyo, mwaka 1985, ni Waholanzi wawili, Witte-Maas na Witte. Leo anafugwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani. Nimewauliza watu kumi na wawili kazini kwangu, waandishi wa habari wote, wakiwemo wawili waliozaliwa Mwanza. Hakuna aliyemjua. Mmoja alidhani nimemtungia utani.

Na samaki huyu ana kisa ambacho kingekuwa cha Kihindi tungelia machozi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake waliandika kwenye jarida la Science kwamba ziwa linapochafuka na kuwa na tope, mwanga unaofika chini unabadilika, na majike wa furu hawaoni vizuri rangi za madume. Jike anayechagua mume mwekundu hawezi kumtofautisha na wa bluu wa aina jirani. Wanaoana ovyo, na aina mbili zinayeyuka kuwa moja. Hakuna aliyewavua wala kuwala. Wameshindwa tu kutambuana.

Hii ni juu ya maafa ya sangara, aliyemwagwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na ilipofika miaka ya 1980 furu wakaporomoka. Inakadiriwa aina kama 200 zilipotea. Mwaka 2006 filamu ya Hubert Sauper kuhusu sangara ilitukera kiasi kwamba Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliikemea hadharani na watu wakaandamana Mwanza. Sawa, nchi ilitetewa. Lakini kwa zile aina zilizopotea hakuna aliyeandamana, na angeandamanaje? Angebeba bango limeandikwa nini? Hatukuwa na majina yao. Kwa Kiswahili wote hao waliitwa furu, basi.

Ndiyo maana rafiki yangu mmoja aliponishauri, "Kama anakusumbua, mtupe mtoni akajitegemee," nilimkatalia kwa ukali mpaka akashtuka. Huyu wangu mtoni angekufa, sawa. Lakini samaki mwingine usiyemjua hafi. Anazaa. Na kumwaga majini kiumbe usiyejua ni nani, nchi hii tulishafanyiwa jaribio hilo, tena kwenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika.

Najua kuna watakaosema haya ni mambo ya watu walioshiba, kwamba watu hawana maji ya kunywa wewe unapima pH ya samaki. Hoja naielewa. Lakini simlazimishi mtu afuge. Nasema aliyeamua kuuza na aliyeamua kununua, wote wawili, wawe na majibu matatu yameandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kioo: anaitwa nani, anatoka maji gani, anakula nini. Karatasi na kalamu ya wino vinagharimu kiasi gani? Na kama muuzaji hajui, aseme sijui. "Sijui" ningeiheshimu. "Samaki ni samaki tu" imeniulia wawili.

Sijui hata wangu alizaliwa wapi, na hili linanichoma. Huenda alikamatwa na mzamiaji huko kwenye mawe ya ziwa, akawekwa kwenye mfuko wa oksijeni akaletwa Dar. Huenda alizaliwa kwenye tangi ng'ambo, mjukuu wa samaki waliotoka hapa, akarudishwa kwa ndege nikauziwa kwa bei ya mgeni. Duka halikuwa na kumbukumbu yoyote.

Kwa sasa yuko hai. Changarawe za bluu nimezitupa, kijumba cha plastiki nimempa mtoto wa jirani. Fundi vioo wa mtaani amenitengenezea tangi la lita 300 ambalo limekula posho yangu ya safari mbili, nimepanga mawe mpaka juu, kichujio kinafanya kazi, na nilisubiri wiki sita nzima kabla ya kumhamishia. Anakula vidonge vya mwani na spinachi iliyochemshwa, na anakwangua mawe kutwa. Mkanda wake umekuwa wa manjano kabisa. Tatizo ni upweke, maana samaki huyu hajaumbwa kukaa peke yake.

Basi Jumamosi iliyopita nikarudi kwa yule yule wa "kanga". Nilikuwa nimemwachia karatasi mara ile, nimeandika kwa herufi kubwa: TROPHEUS DUBOISI, ZIWA TANGANYIKA, HALI NYAMA, WAKAE KUNDI. Nikaikuta imebandikwa kwenye kioo, tena ameiwekea nailoni isilowe. Ndani ya tangi wadogo kumi na wawili, weusi, vidoti vimejipanga. Nilifurahi mpaka nikamshika mkono.

"Na bei, kaka?"

Akanitajia. Ilikuwa mara mbili ya ile ya kwanza.

"Mbona imepanda hivyo?"

"Bosi," akasema, akigonga ile karatasi kwa kidole, "hawa sasa wana jina."

Nimewachukua wote kumi na wawili.